Safu ya Ushauri: Picha ya MRI imeniachia shaka, je, kipimo cha mkojo kinaweza kuniepusha na sindano?

Daktari, salamu nyingi kutoka Korogwe.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 61, na ninakuandikia juu ya jambo ambalo limeninyima usingizi kwa miezi kadhaa. Mwishoni mwa mwaka jana nilianza kuamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo, na mkojo wenyewe ukawa unatoka kwa kusitasita. Nikadhani ni uzee. Kisha nikashikwa na homa, mkojo ukawa unachoma, nikapelekwa hospitali, nikapimwa damu na mkojo. Niliambiwa nina UTI, na kwamba kipimo cha damu cha tezi dume kiitwacho PSA kimesoma 9.1. Nilimaliza dozi ya antibaiotiki, homa ikaisha, na baada ya wiki nane nilirudia kipimo kikasoma 6.4. Daktari alinipima kwa kidole akasema tezi dume ni kubwa kidogo lakini hakugusa kitu kigumu. Ultrasaundi ilionyesha kwamba tezi ina ujazo wa mililita 38.

Pengine ningeishia hapo na kuendelea na shughuli zangu za shamba, lakini kaka yetu mkubwa alifariki kwa saratani ya tezi dume akiwa na miaka 67. Alilalamika kiuno kwa zaidi ya mwaka, akawa anachuliwa na kumeza dawa za maumivu, na alipokuja kupimwa ipasavyo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Kwa sababu hiyo wanangu walichanga fedha, nikaenda Dar es Salaam kupigwa picha ya MRI. Majibu yanasema kuna eneo moja upande wa kushoto ambalo limepewa alama 3 kati ya 5. Daktari bingwa alinieleza kwamba alama 3 ni ya kati, haisemi ndiyo wala hapana, na akanishauri nichukuliwe vinyama kwa sindano ili vikapimwe.

Hapo ndipo tulipogawanyika nyumbani. Mdogo wangu anaishi Michigan, Marekani, kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Mwaka juzi PSA yake nayo ilipanda, akapimwa mkojo kwa kipimo maalumu cha vinasaba, kisha akapigwa MRI, na vyote viwili vikaonyesha kwamba hatari ni ndogo. Madaktari wake wakamwambia hakuna haja ya sindano. Kila anaponipigia simu ananisisitizia nisikubali kuchomwa kabla ya kupimwa mkojo kama yeye, na anapendekeza niweke mkojo kwenye chupa ili binamu yetu anayesafiri mwezi ujao amfikishie. Jirani yangu, ambaye tulifundisha pamoja kwa miaka mingi, naye ananiambia kwamba uvimbe ukiguswa na chuma husambaa mwili mzima. Mke wangu anasema nimsikilize daktari nimalize.

Ninaomba unieleze, Daktari: hicho kipimo cha mkojo kinaona nini ambacho MRI haikioni? Je, kikisema hatari ni ndogo, ninaweza kuachana na sindano? Na je, nikisubiri hadi nikipate, nitakuwa nimechelewa?

Mwalimu Mstaafu, Korogwe

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Pole kwa kumpoteza kaka, na pole kwa miezi hii ya kukosa usingizi. Umeandika kwa mpangilio mzuri kiasi kwamba karibu kila ninachokihitaji ili kukujibu kimo katika barua yako, na nitaanza na jibu lenyewe: ushauri wa daktari wako wa kuchukua vinyama ni sahihi, na kwa hali yako nisingependa uuahirishe kwa ajili ya kusubiri kipimo cha mkojo. Mdogo wako hajakosea kukisifu kipimo hicho. Kilimfaa yeye kwa sababu hali yake ilikuwa tofauti na yako, na tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuielewe vizuri, kwa kuwa wasomaji wengi wa safu hii wana ndugu walio nje ambao huwatumia ushauri wa aina hii kwa nia njema kabisa.

Tuanze na PSA, maana ndiyo iliyofungua mlango. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au iwe gonjwa, na kiasi kidogo huvuja kuingia kwenye damu. Tezi ikivimba kwa umri, ikipata maambukizi, mkojo ukiziba, au mtu akiwekewa mpira wa mkojo, kiwango hupanda bila saratani kuwapo. Kwa hiyo ile 9.1 uliyosomewa ukiwa na homa tuiweke kando, na waliokushauri urudie baada ya wiki nane walifanya jambo la busara. Hata 6.4 peke yake haitoshi kumhukumu mtu, kwa kuwa miongoni mwa wanaume wenye PSA kati ya 4 na 10, takribani 1 kati ya 4 ndiye anayekutwa na saratani akichukuliwa vinyama. Upande wa pili, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwachukua vinyama wanaume ambao PSA yao haikuzidi 4, yaani ile tunayozoea kuiita ya kawaida, na takribani 15 kati ya kila 100 walikutwa na saratani. Kipimo hiki hupiga kengele vizuri, lakini hakisemi ni nini kilichoigonga. Niongeze jambo moja ambalo hukuligusa: ikiwa umekuwa ukitumia dawa ya kupunguza ukubwa wa tezi iitwayo finasteride au dutasteride, mwambie daktari wako, kwa sababu dawa hizo zikitumika kwa miezi kadhaa hushusha PSA hadi karibu nusu, na namba ya 6.4 ingekuwa na maana nyingine kabisa. Mwambie pia kama umekuwa ukinywa dawa zozote za mitishamba ulizouziwa kwa ajili ya tezi, bila kuona haya.

Picha ya MRI inafanya kazi tofauti. Inatazama umbo la tezi na namna maji yanavyotembea ndani ya nyama yake, kwa sababu saratani iliyosongamana huyazuia maji kutembea kwa uhuru, na mtaalamu wa radiolojia huyapa maeneo yanayotiliwa shaka alama kuanzia 1 hadi 5. Thamani yake ilionekana wazi katika utafiti wa PROMIS uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017. Wanaume 576 walipigwa MRI, wakachukuliwa vinyama kwa njia ya kawaida ya wakati ule, na pia tezi yote ikachunguzwa kwa sindano zilizopangwa kila baada ya milimita 5 ili ukweli ujulikane. MRI iliwatambua asilimia 93 ya waliokuwa na saratani ya hatari, ilhali sindano za kawaida, zilizokuwa zikichomwa bila kuongozwa na picha hiyo, zilitambua asilimia 48 tu. Mwaka uliofuata utafiti wa PRECISION, uliowahusisha wanaume 500 katika nchi 11, ulionyesha kwamba kuanza na MRI na kuielekeza sindano mahali palipotiliwa shaka kuligundua saratani za hatari kwa asilimia 38 ya wanaume badala ya 26, na kuliwaepusha na sindano wanaume 28 kati ya kila 100 waliopangiwa kuanza na picha.

Lakini MRI nayo ina pande mbili za kukosea. Katika PROMIS, miongoni mwa wanaume ambao picha yao ilionekana safi, takribani 1 kati ya 10 alikuwa na saratani ya hatari iliyojificha. Na miongoni mwa wale ambao hawakuwa nayo, zaidi ya nusu picha iliwatilia shaka bure. Alama ya 3 ndiyo makao ya shaka hiyo. Alama ya 5 hukuta saratani ya hatari kwa wanaume wengi zaidi ya nusu, lakini alama ya 3, ukichukua tafiti nyingi kwa pamoja, hukuta kwa mtu takribani 1 kati ya 5, na wakati mwingine pungufu. Kwako kuna maelezo ya ziada: maambukizi uliyoyapata huweza kuacha kovu au uvimbe ndani ya tezi ambao kwenye picha unafanana na saratani. Inawezekana kabisa kwamba eneo lile la kushoto ni alama ya UTI yako. Inawezekana pia kwamba si hivyo, na picha hiyo haiwezi kututenganishia mambo haya mawili.

Sasa tufike kwenye mkojo. Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja ninaokutana nao karibu kila wiki: kipimo cha mkojo tunachofanya kila siku hospitalini, cha kuangalia usaha, damu, sukari na vijidudu, hakigundui saratani ya tezi dume hata kidogo. Mtu akiambiwa kwamba mkojo wake ni safi asidhani kwamba tezi yake imepimwa. Kipimo alichofanyiwa mdogo wako ni kingine. Chembe za tezi dume, pamoja na vifuko vidogo mno vinavyotolewa na chembe hizo, humwagika kwenye njia ya mkojo, na ndani yake mna ujumbe wa vinasaba unaoonyesha ni jeni zipi zinazofanya kazi kupita kiasi. Mwaka 1999 watafiti wa Uholanzi na Marekani walieleza juu ya jeni ambayo sasa inaitwa PCA3, inayotoa ujumbe mwingi sana katika saratani ya tezi dume kuliko katika tezi isiyo na saratani, na mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kipimo cha mkojo cha PCA3 kwa wanaume ambao vinyama vyao vya awali havikukutwa na saratani lakini wasiwasi ukabaki. Mwaka 2005, huko huko Michigan anakoishi mdogo wako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waligundua kwamba katika saratani nyingi za tezi dume jeni mbili, TMPRSS2 na ERG, hukatika na kuunganika. Ugunduzi huo ulizaa kipimo kinachochanganya PCA3, muungano huo wa jeni na PSA ya damu, na mwaka 2024 kikundi hicho hicho kilichapisha matokeo ya kipimo kipya cha jeni 18 kilichotengenezwa mahususi kutafuta saratani ya hatari na kuziacha zile za polepole.

Kwa vipimo vingi vya aina hii, daktari kwanza huikandamiza tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa ili chembe zimwagike, kisha mgonjwa hukojoa na ule mkojo wa mwanzo ndio unaochukuliwa. Kimoja kinachotegemea vile vifuko vidogo hakihitaji kukandamiza. Jibu hutoka kama namba ya uwezekano: kiasi gani inaelekea kwamba mtu huyu ana saratani ya hatari. Haliwezi kusema iko upande wa kushoto au wa kulia, ni kubwa au ndogo.

Hapo ndipo unapopata jibu la swali lako la kwanza. MRI inaonyesha mahali lakini inabahatisha tabia. Mkojo unaeleza tabia lakini haujui mahali. Zaidi ya hapo, vipimo hivi viwili vinakosea kwa sababu zisizohusiana. MRI hudanganywa na kovu, damu iliyoganda na vinundu vya uzee, na hupitwa na saratani ndogo zilizotawanyika bila kufanya donge. Kipimo cha mkojo hakijali kovu, lakini hupitwa na saratani isiyomwaga chembe za kutosha, au isiyobeba jeni zile zinazotafutwa. Wewe ni mwalimu, na bila shaka unajua kwamba karatasi ikisahihishwa mara mbili na mtu yule yule, kosa la kwanza hurudiwa. Lakini mwanafunzi aliyefanya mtihani wa kuandika akiitwa na mwalimu mwingine kwa mtihani wa mdomo, yale yaliyofichwa na mwandiko mbaya au na kunakili hujitokeza. Faida ya kuunganisha picha na mkojo imo humo. Mdogo wako alikuwa na picha safi na mkojo wenye hatari ndogo, yaani vipimo viwili vinavyokosea kwa njia tofauti vikakubaliana, na ndiyo maana madaktari wake walikuwa na haki ya kuiweka sindano kando na kuendelea kumfuatilia.

Faida hiyo ni kubwa zaidi katikati, penye alama 3, kuliko kwenye ncha. Mwenye alama 4 au 5 atachukuliwa vinyama hata mkojo ukisema hatari ni ndogo, kwa kuwa hakuna daktari makini atakayeliacha donge analoliona. Mwenye alama 1 au 2, PSA ndogo na asiye na historia katika ukoo, mara nyingi ataachwa afuatiliwe hata bila mkojo. Lakini mwenye alama 3 anasimama njia panda, na huko kwenye vipimo hivi, namba ya chini ya mkojo inaweza kumrudisha kwenye ufuatiliaji, na namba ya juu ikamharakisha kwenye sindano. Kwa hiyo mdogo wako ana hoja ya kweli anaposema kwamba hali kama yako ndiyo hasa inayoufaa mkojo. Ningekuficha jambo kama ningesema vinginevyo.

Hata hivyo kuna jambo linalonifanya niwe mwangalifu sana kuchukua namba ya maabara ya Marekani na kuifanya kinga ya mwanamume wa Korogwe, na naomba unisome hapa kwa makini. Sehemu kubwa ya wanaume walioshiriki katika kuvitengeneza vipimo hivi walikuwa wenye asili ya Ulaya. Ule muungano wa TMPRSS2 na ERG huonekana katika karibu nusu ya saratani za tezi dume za wanaume hao, lakini kwa Wamarekani weusi umeonekana katika takribani theluthi au pungufu. Maana yake ni kwamba kipimo kinachoegemea sana alama hiyo kinaweza kumpa mwanamume Mwafrika namba ndogo huku saratani ikiwapo, kwa sababu tu saratani yake haikupita njia hiyo. Na hao ndio wanaume wenye hatari kubwa zaidi: huko Marekani, mwanamume mweusi ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kufa kwa saratani hii kuliko mzungu, na katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Vipimo vipya vyenye jeni nyingi vinajaribu kuliziba pengo hilo, na ninatamani sana vipimwe hapa kwetu, katika hospitali zetu, kwa wanaume wetu, tupate viwango vyetu wenyewe. Hadi hilo lifanyike, namba ndogo ya mkojo kwa mtu mwenye kaka aliyefariki kwa ugonjwa huu isingenituliza mimi nikiwa daktari wako.

Kuhusu chupa ya kumpa binamu: naomba msifanye hivyo. Ujumbe wa vinasaba unaotafutwa huharibika upesi, na ndiyo maana maabara hizo hutoa chombo chenye dawa ya kuuhifadhi na kutaka sampuli ifike katika muda na hali maalumu. Mkojo uliokaa kwenye chupa ya kawaida ndani ya begi la safari utakuja na jibu lisilo na maana, au bila jibu kabisa, nanyi mtakuwa mmepoteza mwezi mzima na fedha.

Badala yake, tutumie kilichomo mkononi mwako tayari. Ultrasaundi ilikupa ujazo wa mililita 38. Ukigawanya PSA ya 6.4 kwa 38 unapata takribani 0.17, na hicho tunakiita msongamano wa PSA, yaani ni kiasi gani cha protini kinachotoka kwa kila mililita ya tezi. Tezi kubwa ina haki ya kutoa PSA nyingi. Tezi ndogo ikitoa nyingi kuna la kuuliza. Mpaka tunaoutumia mara nyingi ni 0.15. Nauona msongamano huu kuwa kipimo cha pili cha maskini na tajiri sawasawa, kwa kuwa haugharimu chochote zaidi ya kugawanya, na unafanya kazi ile ile tuliyokuwa tukiutegemea mkojo utufanyie: kuisukuma alama 3 upande mmoja au mwingine. Kwako umeisukuma, kidogo tu lakini umeisukuma, upande wa sindano. Ukiongeza kwamba mtu aliyekuwa na baba au kaka mwenye saratani hii ana hatari ya takribani mara mbili, mimi nisingeweza kukuambia uache.

Kuna ombi moja unaloweza kumpelekea daktari wako bila kuonekana unakwepa. PSA baada ya maambukizi wakati mwingine huchukua miezi kadhaa kushuka hadi mwisho wake. Mwombe airudie siku chache kabla ya sindano, katika maabara ile ile, ukiwa huna dalili ya UTI na hujamwaga manii kwa siku mbili. Kwa tezi ya mililita 38, PSA ya 5.7 ndiyo inayolingana na ule mpaka wa 0.15. Ikiwa imeshuka mbali sana chini ya hapo, mna haki ya kukaa tena na kulijadili. Ikiwa imebaki palepale au imepanda, shaka yako itakuwa imekwisha.

Kuhusu maneno ya jirani yako, nayasikia sana na ninaelewa yanakotoka. Watu wengi huku kwetu huchukuliwa vinyama wakiwa wamechelewa, hufariki muda mfupi baadaye, na wanaobaki huona sindano ndiyo iliyoua. Hakuna ushahidi kwamba kuchukua vinyama vya tezi dume husababisha saratani isambae mwilini. Kaka yako hakuguswa na sindano yoyote wakati ugonjwa ulipokuwa ukiingia kwenye mifupa yake. Hatari za kweli za sindano ni nyingine, na unapaswa kuzijua: damu kwenye mkojo kwa siku chache, damu kwenye manii ambayo huweza kuonekana kwa wiki kadhaa, kushindwa kukojoa kwa muda, na maambukizi. Hilo la mwisho ndilo zito, hasa kwako uliyewahi kupata UTI hivi karibuni. Uliza kama hospitali yako inaweza kupitisha sindano kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, maana njia hiyo haipiti kwenye utumbo wenye vijidudu na maambukizi yake ni machache. Kama watapitia njia ya haja kubwa, omba mkojo wako uoteshwe kwanza kuona kama kuna vijidudu na ni dawa gani inayovimudu. Waambie kama una kisukari au unatumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, ikiwamo aspirini. Na ukirudi nyumbani ukapata homa au kutetemeka, usingoje asubuhi wala usinunue dawa duka la jirani. Nenda hospitali usiku huo huo.

Siku ya miadi usiende na karatasi ya majibu peke yake. Beba CD ya picha za MRI. Daktari atakayechoma anahitaji kuliona lile eneo la kushoto kwa macho yake ili sindano kadhaa zielekezwe pale, mbali na zile za kawaida zinazopita sehemu nyingine za tezi. Kama CD ilibaki Dar es Salaam, watume wanao waifuate. Umeilipia na ni haki yako. Bila picha hizo, sindano zako zitarudi kuwa zile za kubahatisha ambazo katika PROMIS zilipitwa na zaidi ya nusu ya saratani za hatari.

Vinyama vikirudi bila saratani, usiage moja kwa moja. Utaendelea kupima PSA kila baada ya miezi 6 hadi 12 na huenda MRI ikarudiwa. Vikirudi na saratani ya daraja la chini, ile ambayo wataalamu wa patholojia huiandika Gleason 6, usikimbilie upasuaji kwa hofu. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwafuatilia wanaume 1,643 waliokuwa na saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi, wengine wakipasuliwa, wengine wakipigwa mionzi, wengine wakifuatiliwa tu, na baada ya miaka 15 takribani 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, katika makundi yote matatu. Na ikiwa ni daraja la juu, basi itakuwa imeonekana wakati ambapo uvimbe haujagusika hata kwa kidole, na huo ndio wakati ambao kaka yako hakuupata. Andika tena tuzungumze juu ya matibabu.

Uliuliza kama utachelewa. Wiki chache za kurudia PSA na kuotesha mkojo hazitakudhuru. Mwaka wa kusubiri kipimo kisicho sehemu ya huduma ya kawaida katika hospitali zetu ni jambo jingine, na hilo nakusihi usilifanye.

Nina mambo mawili kuhusu watu wako. Wanao wa kiume sasa wana baba mkubwa aliyefariki kwa ugonjwa huu, na kama vinyama vyako vitaonyesha saratani watakuwa na baba mwenye ugonjwa huo pia. Waambie waanze kuzungumza na daktari kuhusu kupima PSA wakifika miaka 40 hadi 45, wasingoje dalili. Na utakapompigia mdogo wako wa Michigan kumweleza uamuzi wako, mshukuru kwa kukuhangaikia, kisha muulize kama aliwaeleza madaktari wake kuhusu kaka yenu. Ameishi mbali kwa zaidi ya miaka 20, na huenda alipojaza fomu ya historia ya ukoo aliacha mstari huo wazi. Kaka yako ni kaka yake pia, na majibu yake ya mwaka juzi yanaeleza hali ya mwaka juzi. Anapaswa kurudi kupimwa PSA, na daktari wake anapaswa kujua.